Gari lako limeharibika wapi?



Nimerudi karibuni kutoka Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Asubuhi moja nikiwa Kasulu nilipanda bodaboda mpaka Heru Juu, kwenye vilima vilivyo juu ya mji. Tulipofika nikamlipa kijana nauli yake, nikamwambia aende zake. Akaniuliza nitarudi na nini. Nikamjibu kwamba nitarudi kwa miguu. Akacheka, akawasha pikipiki yake, lakini kabla ya kupotea kwenye kona alisimama akageuka kunitazama, kama mtu anayejiuliza kama abiria wake ni mzima.

Nikaanza kuteremka. Sikufika mbali. Mtu mmoja aliyefunga mikungu mitatu ya ndizi nyuma ya baiskeli alisimama, akanisalimu vizuri, kisha akauliza: "Mzee, gari lako limeharibika wapi?" Nikamwambia sikuja na gari. Akanipa pole. Mbele kidogo nikakutana na mama mwenye jembe begani. Tulipomaliza kuulizana habari za asubuhi, mama yule akashusha sauti akaniuliza nani amefariki. Kwa mawazo yake, mtu mzima mwenye viatu vya mjini, anayepita njia ya shamba peke yake asubuhi, hana budi awe anakwenda msibani.

Wa tatu alikuwa mzee aliyeketi chini ya mparachichi. Naye aliuliza swali lile lile la gari. Huyo nitamrudia, maana ndiye aliyenipa mazungumzo ya leo.

Nataka tuzungumze habari za kutembea. Sisemi kutembea kwa mtu aliyekosa nauli, wala kwa mwanafunzi anayekwenda shule kilometa saba na kurudi saba. Nasema kutembea kwa hiari. Mtu anapanda basi la abiria kama watu wengine, anashuka katika mji mdogo, anashika njia ya mguu isiyo na shida, anatembea saa tatu au nne, anakula alichokikuta, na jioni anapanda basi kurudi alikotoka. Hahitaji gari, wala hema, wala kamba za kupandia majabali.

Wengi wetu tunaliona jambo hili kuwa la Wazungu. Mzungu akipita na mkoba mgongoni hatumuulizi gari lake limeharibika wapi. Tunamuuliza mwenzetu. Wakati huohuo, huko Dar es Salaam tunalipa fedha kila mwezi ili tutembee juu ya mashine ndani ya chumba, saa nzima, bila kufika popote. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Asubuhi moja ya Kasulu inatosha kulipa deni hilo na chenji ikabaki.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, swali la yule mwenye ndizi si la ujinga. Lina historia yake.

Nchi ya Buha imekanyagwa kwa miguu tangu zamani. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,000, na kila kiangazi watu walishuka kutoka vilimani kwenda kuchemsha chumvi na kurudi nayo kichwani. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita upande wa kusini wa nchi hiyo. Alidaiwa hongo hapa, akadaiwa tena pale, mpaka mwishowe akaona heri apite porini usiku, kimyakimya, ili asilipe tena. Alifunzwa kwamba njia zile zina wenyewe.

Kisha ukaja ukoloni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Waingereza waliposhika nchi, Buha ikafanywa mahali pa kuchota nguvukazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Wanaume wa Kasulu na Kibondo wakawa manamba, watu wa kuitwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kukusanya wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori na treni yakawabeba watu wengi. Lakini kabla ya hapo wengi walikwenda kwa miguu, wiki baada ya wiki, na wengine hawakurudi.

Hayo hayakuwa yote. Miaka ya 1930 watu wa sehemu za Kibondo walikusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wametawanyika vilimani wakahamishiwa katika vijiji vipya. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, watu walivuka mpaka kwa mguu niponye, watoto mgongoni. Mwaka 1996 Wakongo wakafikishwa Nyarugusu. Mwaka 2015 Warundi wakavuka tena.

Kiswahili chetu kina maneno mawili: kutembea na kutembezwa. Watu wa vilima vile wametembezwa mno. Kwa hiyo wakimwona mtu mzima anatembea, wanauliza ni shida gani iliyomtembeza. Ni swali la huruma.

Sasa nimrudie yule mzee. Nilipomwambia kwamba sina gari wala sina msiba, nimekuja kutembea tu, alinyamaza kidogo, kisha akachukua fimbo yake. "Kama unatembea tu," akasema, "njoo nikuonyeshe njia."

Akatangulia. Tukapita katikati ya migomba, tukakata shamba la maharage, tukavuka kijito juu ya gogo, tukaanza kupanda taratibu. Njia yenyewe ilikuwa imezama ardhini, imechimbwa na nyayo za miaka mingi, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Mzee hakutazama chini hata mara moja. Tukatembea kama nusu saa. Halafu njia ikaishia kwenye waya wa miiba.

Upande wa pili kulikuwa na miti michanga ya misindano, imepandwa kwa mistari. Mzee akanyoosha fimbo kuonyesha mgongo wa kilima ng'ambo ya miti ile. Pale ndipo nyumba yao ilipokuwa mpaka mwaka 1972, alipohamishwa akiwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Makaburi ya baba yake na mama yake yako pale. Baba yake alipita njia hii tuliyosimama alipokwenda kukata mkonge Tanga, na alirudi kwa njia hiihii baada ya miaka minne, akiwa na blanketi na baiskeli. Mzee mwenyewe alikuwa akipita hapo kila mwaka kwenda kufyeka makaburi.

Sasa hapiti. Eneo limeuzwa, aliyenunua amepanda miti na amezungusha waya. Mzee alikwenda ofisini kijijini kuuliza. Akaambiwa kwamba kwenye karatasi hakuna njia iliyoonyeshwa mahali hapo. Akitaka kufika makaburini azunguke kwa barabara kuu, na barabara kuu ina malori. Kwa umri wake, safari ya nusu saa imekuwa safari ya siku nzima.

Ndugu wasikilizaji, nilimtafuta mtu mbaya katika habari hii, sikumwona. Mnunuzi amenunua kwa halali, na miti ni kitu chema. Kijiji kilihitaji fedha. Aliyemjibu mzee alisema kweli, karatasi haina njia. Njia ilipotea kwa sababu kila mtu aliijua, na jambo ambalo kila mtu analijua hakuna anayeliandika. Wanaoijua wakizeeka, inabaki kuwa ardhi tupu inayongoja mnunuzi.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na barabara ya lami. Barabara inayojengwa kwa lami kutoka Kabingo, kupitia Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu ina urefu wa kilometa 260 hivi. Aliyesafiri huko zamani anajua maana yake. Masika basi lililala topeni, abiria wakasukuma. Ilikuwapo pia miaka ambayo mabasi ya upande ule yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Leo mgonjwa anafika hospitali na maharage yanafika sokoni. Hata mimi nisingefika Heru Juu asubuhi ile bila barabara nzuri na basi.

Lakini lami ina tabia zake. Inapandisha bei ya ardhi. Inavuta nyumba, maduka na viwanja. Kila kiwanja kinachopimwa kinakata njia ya mguu mahali fulani. Watu waliokuwa wakipita shambani wanasukumwa pembeni mwa barabara, na huko wanakutana na magari yanayokwenda mbio. Mtoto aliyekuwa akienda shule kwa njia ya kijitoni sasa anatembea ukingoni mwa lami. Hili ni jambo la uhai wa mtu, si la starehe ya mtalii.

Siku iliyofuata nilipanda basi kwenda Kibondo. Tulipita Makere, Mvugwe na njiapanda ya Nduta. Nchi inabadilika taratibu. Vilima vya migomba vinabaki nyuma na miombo inaanza. Nililala Kibondo, na kulipopambazuka nikatoka mjini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja mstaafu niliyefahamiana naye kwenye nyumba ya wageni.

Huko niliona njia zikiwa bado hai. Ilikuwa siku ya gulio. Akina mama walikuja kwa mstari mmoja na makapu ya muhogo, vijana wakisukuma baiskeli, mbuzi mmoja akiburuzwa na mtoto mwenye hasira kuliko mbuzi. Ndani ya miombo mizinga ya magome ilining'inia mitini, maana Kibondo ni nchi ya asali. Mwinuko ulikuwa wa kawaida tu. Mtu wa miaka sitini mwenye magoti yanayolalamika, kama mimi, alitembea saa tatu bila kuomba msaada. Mwalimu akanionyesha njia inayokwenda kisimani, na inayokwenda kanisani. Ya tatu, akasema, haina kazi siku hizi ila watu wanaipita kwa sababu ina kivuli. Nadhani hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi.

Tukisikia Kigoma tunawaza sokwe wa Gombe, waliopata sifa duniani baada ya Jane Goodall kufika huko mwaka 1960. Ni sawa, Gombe ni johari. Lakini Gombe huendwa kwa boti na hulipiwa kiingilio. Vilima vya Kasulu na mabonde ya Kibondo huendwa kwa nauli ya basi. Mwenyeji anachodai ni salamu.

Je, wenzetu walifanyaje? Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima unaoitwa Kinder Scout. Mlima ule ulikuwa umefungwa na wenye ardhi kwa ajili ya uwindaji wao. Vijana watano walifungwa jela. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Lakini hoja yao haikufungwa. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria iliyozitaka halmashauri kuziorodhesha njia za mguu na kuzichora kwenye ramani rasmi. Njia ikiwa kwenye ramani ile, mwenye shamba hawezi kuizungushia waya akasema hakujua.

Uswisi walifanya zaidi. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura, wakaziingiza njia za mguu katika katiba ya nchi. Sheria iliyofuata inasema kwamba njia ikilazimika kufungwa, sharti itafutwe nyingine badala yake. Leo wana njia za kutembelea zinazofika kilometa 65,000 hivi, na nyingi unazifikia kwa treni au kwa basi la posta la rangi ya njano. Ni nchi tajiri yenye magari mengi, na bado imeona kwamba mwenda kwa miguu anastahili ulinzi.

Mtu ataniambia: "Bwana wee, Kasulu wanahitaji maji, dawa na walimu. Wewe unawaletea habari za njia za watu wa mjini kupunga upepo." Hoja hiyo ni nzito, na naiheshimu. Lakini hakuna njia moja ya mtu wa mjini na nyingine ya mwanakijiji. Njia niliyoipita mimi kwa starehe ndiyo mama anayopita kwenda kisimani, mtoto kwenda shule, mzee kwenda makaburini. Ikilindwa kwa ajili ya mmoja imelindwa kwa wote. Na wala haihitaji saruji. Inahitaji kuandikwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na inakiwezesha kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu wake, kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kuandaa mpango wake. Wakati wa mpango huo wapimaji huuliza malisho yako wapi, msitu uko wapi, shule ipanuliwe wapi. Nashauri waulize swali moja zaidi: watu wanapita wapi? Wachaguliwe wazee watatu na vijana watatu, wazipite njia zote kwa siku chache, vijana waandike, wazee waongoze. Kisha zichorwe kabla mnunuzi mwingine hajaja. Wazee wale wakiondoka, gharama yake haitalipika tena.

Na sisi wa mijini tuna sehemu yetu. Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ukitaka kwenda, nenda kiangazi, kati ya Juni na Septemba, njia zikiwa kavu. Asubuhi ni baridi, chukua sweta. Chukua maji na kitambulisho chako cha taifa. Ukifika kijijini, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji, eleza unapita wapi. Usiusogelee mpaka wa Burundi bila mwenyeji, kwa maana njia ya mguu haikwambii umeingia nchi gani. Kambi ya wakimbizi si mahali pa matembezi, na Pori la Akiba la Moyowosi lina vibali vyake. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Nunua ndizi kwa mwenye ndizi, na usipunguze bei.

Zaidi ya yote, salimu. Waha hawasalimiani mbiombio. Asubuhi utasikia "Mwakeye", na mikono inapigwa makofi polepole, na maswali ya nyumbani yanafuata moja baada ya jingine. Mwenye haraka asiende huko. Mimi nilihesabu salamu arobaini na moja kutoka Heru Juu mpaka mjini, nikaacha kuhesabu.

Pale kwenye waya wa miiba tulisimama muda mrefu. Nilimuuliza mzee kama ameshazungumza na huyo mnunuzi mwenyewe. Akasema hajawahi kumwona, wanasema anakaa mjini. Huenda anasoma gazeti hili, au anasikiliza redio. Kama ni wewe, ndugu yangu, sikulaumu. Nakuomba upana wa mtu mmoja na mzigo wake.

Tulirudi mpaka chini ya mparachichi. Nikamshukuru mzee, nikataka kuendelea na safari. Akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Mwanangu," akasema, "ukija tena, njoo na wenzako. Njia ikiwa na watu, hata mwenye waya hufikiri mara mbili."

Nimemwahidi kwamba nitarudi Juni, na kwamba sitakuwa peke yangu. Basi la Kasulu linaondoka Kigoma asubuhi.